Monita pana ya kupinda: nimejichanga mwaka mzima, nisaidieni nisipigwe

DerevaWaUsiku

Wakuu habari za jioni, niende kwenye mada. Nina pisi, yaani kompyuta ya mezani, niliyoijenga kidogo kidogo, prosesa Ryzen 5 5600, kadi ya picha RTX 3060 ile ya GB 12, ram 16, na monita ni inchi 24 ya 1080p 60Hz (inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde) niliyorithi kwa braza alipohamia Dodoma. Mchana naediti video za harusi, usiku naendesha malori kwenye Euro Truck Simulator 2, Forza Horizon 5 kidogo, na FC ile ya mpira wikendi wakija washkaji. Nimejichanga mwaka mzima nimefikisha milioni moja na laki mbili, nataka altrawaidi, yaani monita pana kuliko kawaida, iliyopinda.

Sasa jana nimepita Kariakoo nikakuta moja ya inchi 49, mtumba, kioo kirefu kama kaunta ya baa, moyo ukadunda. Jamaa anasema milioni na nusu ila tunaongea. Meza yangu urefu mita moja na robo, kina sentimita 60. Nikope laki tatu nibebe au mnasemaje? Wajuzi njooni kabla hajauza.

MpigaChabo

Nimeweka kigoda hapa, nasubiri wajuzi. Hiyo 49 mama mwenye nyumba akiiona tu kodi imepanda.

MzeeWaPikseli

Dereva, usikope. Hesabu ni ndogo tu tuifanye hapa hapa.

Inchi 49 nyingi ni 5120 kwa 1440, zidisha unapata pikseli (zile nukta zinazochora picha) milioni 7 na laki tatu na ushee. Kioo chako cha sasa cha 1080p kina milioni 2 na kidogo. Maana yake unaiambia hiyo 3060 ichore mara tatu na nusu ya inachochora leo, kwa kila fremu, halafu ukishanunua kioo huna hela ya kadi mpya, utakaa na kaunta yako ya baa Forza inakwenda kama daladala lenye klachi mbovu. Na upana wake ni kama mita 1.2, meza yako mita 1.25, spika unaweka kichwani?

Inchi 34 ya 3440 kwa 1440 ni pikseli karibu milioni 5. Bado ni mara mbili na nusu ya sasa lakini 3060 inaimudu kwa gemu ulizotaja, Euro Truck haina shida, FC haina shida, Forza unashusha setingi kidogo. Zile gemu nzito kama Cyberpunk 2077 washa DLSS, kadi ichore picha ndogo kisha iikuze, na ukubali yaishe.

Alafu kuna mtego mmoja na hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Kuna inchi 34 za bei poa ambazo ni 2560 kwa 1080. Kwa macho dukani zinafanana kabisa, zimepinda, taa nyuma, kila kitu. Ila pikseli ni zile zile chache zimevutwa kama chapati, unapata pikseli 82 hivi kwa kila inchi wakati hiyo 24 yako ya urithi ina 92. Yaani unatoa milioni moja unarudi nyuma, maandishi yatakuwa na meno kama msumeno na wewe unaediti video kutwa. Hiyo resolusheni iko sawa kwenye inchi 29, kwenye 34 achana nayo. 3440 kwa 1440 kwenye inchi 34 ni kama 110 kwa inchi, hapo ndipo penyewe. Usimuulize muuzaji ni inchi ngapi, muulize pikseli ngapi.

Na ujue kitu kingine watu hawaambiwi, 34 ya namna hii kwa kimo ni sawa na inchi 27 ya kawaida, imeongezwa mbavu tu kushoto na kulia. Usije ukafika nyumbani ukasema mbona fupi.

KisauniBoy

Sasa wazito, niko Mombasa natumia 34 mwaka wa tatu huu. Mzee amesema ukweli, mimi naongezea mambo ya kupinda juu hii ndio watu wanadanganyana nayo sana. Zile namba 1000R, 1500R, 1800R sio ubora, ni milimita. 1500R maana yake ukichora duara zima kwa huo mpindo, toka katikati hadi ukingo ni mita moja na nusu. Namba ikiwa ndogo kioo kimepinda zaidi.

Chukua kamba ya mita moja na nusu, shika ncha moja, mtu mwingine ashike ile ingine atembee na chaki sakafuni akuzunguke. Huo mstari karibu na miguu yake, kata kipande cha sentimita 80, hivyo ndivyo monita yako itakavyopinda. Utaona hata si sana. Ukifanya na kamba ya mita moja, hapo sasa ndio unaona inakukumbatia. Mimi nilianza na 1000R nikaona kama niko ndani ya ndoo, nikauza. 1500R ama 1800R kwa inchi 34 ni poa, unasahau kama imepinda kabisa.

Nyundo_na_Tindo

Mimi nitakuwa mchawi. Kupinda ni biashara tu. Nachora ramani za nyumba, nilinunua hicho kitu, kila mstari mnyoofu nikawa nauona kama ukwaju. Nikarudi kwenye kioo bapa. Dereva kazi yako ni video, nunua bapa inchi 27 ya 1440p, ubaki na chenji ya kununua ram.

MzeeWaPikseli

Nyundo kwa kazi yako uko sahihi na sitabishana, anayechora mistari anunue bapa. Lakini kwenye 34 bapa ukiketi karibu, zile pembe mbili ziko mbali na jicho kuliko katikati, unakuwa unageuza shingo na rangi za pembeni zinabadilika hasa kwenye vioo vya aina ya VA. Kupinda kunazirudisha zile pembe. Ni hilo tu, sio miujiza. Na taimlaini ya kuedit video kwenye sentimita 80, muulize aliyewahi.

Nyundo_na_Tindo

Sawa, mi nimesema yangu.

MaskatiNaPwani

Assalam alaikum jamaa zangu. Nipo huku Maskati, ndugu zangu wa Unguja kila mwezi hunitumia picha ya monita wakitaka niwanunulie, basi niseme machache kuhusu aina ya kioo maana hamjaligusa.

Zipo tatu. IPS rangi zake nzuri na haina mkia kwenye gemu, ila usiku ukizima taa ile nyeusi yake inakuwa kijivu na kwenye pembe kuna mwanga kama wa kibatari. VA nyeusi yake ni nyeusi hasa, utofauti wake wa mwanga na kiza mara nyingi 3000 kwa 1 wakati IPS ya kawaida ni 1000 kwa 1, na hizi za kupinda za bei ya wastani nyingi ndiyo hizo. Aibu yake moja, kitu cheusi kikipita kwenye kiza huacha mkia kama wino uliomwagika. Ya tatu OLED, hiyo wallahi ukiiona usiku hutaki jengine. Ile Alienware ya 34 iliyotoka 2022, ya QD-OLED, ndiyo iliyowaharibu watu wengi macho. Lakini bei yake si ya milioni na laki mbili, na kitu kisichosogea muda mrefu kinaweza kubaki kama kovu, sasa wewe unaediti kutwa na vitufe vyako mahali pamoja, sikushauri.

Na jengine, msisafirishe monita ndani ya begi la nguo. Mimi nimeshaona iliyofunikwa na mablanketi manne, ikafika na ufa kama mto Rufiji na vijito vyake. Isafiri ndani ya boksi lake na yale maboya meupe, imesimama, isilazwe chini ya mzigo.

DerevaWaUsiku

Shukrani sana wakuu. 49 nimeiacha, roho inauma ila nimeelewa. Natafuta 34 ya 3440 kwa 1440, VA, 1500R kwenda juu. MaskatiNaPwani shukrani shehe.

Mwana_wa_Padi

Naomba kudandia uzi. Mi nina PS5 tu sina pisi. Hiyo 34 inanifaa?

KisauniBoy

Haikufai bro, usijisumbue. PS5 haina altrawaidi, inatoa picha ya 16 kwa 9, umbo la tv ya kawaida, basi. 1440p waliongeza 2022 lakini ni ile ya 2560, kwa hiyo kila upande unabaki na ukanda mweusi wa pikseli 440. Unalipia mbavu zisizotumika. Xbox nayo ni vile vile. Chukua 27 ama tv.

Na wa pisi pia msiseme hamkuambiwa, si gemu zote zinajaza kioo. Valorant inabaki na kanda nyeusi, hawataki mwenye kioo kipana aone zaidi ya mwenzake. Elden Ring ilitoka 2022 imefungwa kwa 16 kwa 9. Lakini gemu za magari, ndege, malori, hapo ndio pesa yako inarudi, unaona vioo vyote viwili vya lori bila kugeuza kamera.

*(wiki mbili baadaye)*

DerevaWaUsiku

Wakuu mrejesho. NIMEBEBA. Inchi 34, 3440 kwa 1440, 144Hz, VA, 1500R, mtumba wa Dubai, laki tisa na nusu kutoka milioni na laki moja.

Nilikwenda na laptop yangu dukani. Jamaa alikuwa ameiwashia ile video ya maua na samaki, kila kitu kinang'aa, nikamwambia kaka naomba nichomeke ya kwangu. Akanuna kidogo. Nikaweka picha tupu nyeupe, kisha nyekundu, kijani, bluu, mwisho nyeusi na nikamwomba azime taa ya duka. Kwenye nyeupe kuna nukta moja haiwaki, pembeni chini kulia, ndogo kama yai la chawa, nikaitumia hiyo kushusha laki nzima. Kwenye nyeusi pembe ya juu kuna mwanga kidogo ila haukeri. Nikapitisha mkono nyuma kuhisi matundu ya vesa, yale ya kufungia mkono wa monita, yapo, sentimita 10 kwa 10.

Usafiri ndio ulikuwa sinema. Boksi halikuwepo, nikaifunga na godoro la mtoto nililoazima kwa dada yangu, nikakodi bajaji mpaka Mbezi, mimi nimekaa nyuma nimeikumbatia imesimama, kila tuta namwambia dereva taratibu kaka nina mgonjwa. Akageuka akaangalia godoro akasema pole sana.

MpigaChabo

Nina mgonjwa 😂😂😂 hongera mkuu. Weka picha.

DerevaWaUsiku

Picha nitaweka ila kuna tatizo wakuu. Mbona naona kama ile ile 24 yangu? Ni kubwa na ni nzuri sikatai, ila ulaini ule mnaousema siuoni, na kwenye FC wachezaji wakikimbia wana kama mzimu mweupe unawafuata mgongoni. Nimepigwa?

MzeeWaPikseli

Tulia. Windows, Settings, System, Display, shuka hadi Advanced display. Soma namba iliyoandikwa hapo uilete kama ilivyo. Na useme umechomeka kebo gani.

DerevaWaUsiku

59.97Hz. Kebo ni HDMI.

MzeeWaPikseli

HDMI ya wapi?

DerevaWaUsiku

Ya dikoda ya sebuleni 😅 mtumba haukuja na kebo. Mama anauliza tokea juzi tamthilia imekwenda wapi.

MzeeWaPikseli

Hahaha we mtoto. Rudisha kebo ya mama kwanza.

Hujapigwa. Windows ikiona kioo kipya mara nyingi inakaa 60 na haikuambii, unaweza ukaishi nayo miaka umenunua 144 unatumia 60. Hapo unabofya unachagua 144. Ila kwako nahisi 144 haipo kabisa kwenye orodha, kwa sababu mlango wa HDMI kwenye monita nyingi za namna hiyo ni toleo la 2.0, na kwa 3440 kwa 1440 huo unagota kwenye 100Hz, kebo ikiwa ya zamani ndiyo kabisa. Nunua kebo ya DisplayPort 1.4, mita moja na nusu inatosha, ndefu za bei chee zinaleta kioo kuzima na kuwaka. Chomeka kwenye kadi yenyewe sio kwenye ubao mama. Na ile kebo ina kibonyezo kidogo juu ya kichwa chake, siku ya kuchomoa ukibonyeze, usivute kama unang'oa muhogo, utatoka na mlango wake.

Mzimu mweupe ni ovadraivu. Kile kitufe nyuma ya monita, ingia kwenye menyu yake tafuta Response Time au Overdrive, nina uhakika aliyekuwa nayo aliweka juu kabisa. Kioo kinalazimishwa kubadilika haraka kuliko uwezo wake, kinapitiliza, ndiyo huo mzimu. Weka ya katikati. Utabaki na mkia mdogo mweusi kwenye giza, huo ni wa VA, alishasema Maskati, huo unauzoea.

Ukimaliza washa FreeSync kwenye menyu hiyo hiyo, inafanya kioo kifuate kasi ya fremu za kadi, halafu kwenye paneli ya NVIDIA weka tiki kwenye G-SYNC Compatible. Tangu Januari 2019 kadi zao zinakubali vioo vya FreeSync, watu bado wanadhani lazima ununue cha bei mbaya. Fremu uzifunge 141, chini kidogo ya 144, zisitoke nje ya uwanja. Ukiona kioo kinapepesa kwenye skrini za kupakia gemu usiogope, VA nyingi ndivyo zilivyo fremu zikiruka ruka. HDR, ile ya kuongeza mwanga na kina cha rangi, izime tu, kama ni ile ya HDR400 haina kitu, inapausha rangi.

DerevaWaUsiku

Mzee Mungu akuzidishie. Kebo elfu 25. Nimechomeka, namba imekuja 144, nikasogeza mshale wa mausi tu kwenye desktop nikacheka peke yangu. Mke wangu kaja kuchungulia kuna nini. Nikamwonyesha, akaniambia mshale unatembea, sasa?

Usiku nikatoka Calais na tani 22 za matofali, mvua, wipa zinakwenda, nikaona kioo cha kushoto na cha kulia kwa pamoja kwa mara ya kwanza. Sikuwa nimejua kwamba kule pembeni kuna watu wanaegesha magari.

Ila shingo na macho vinauma. Stendi yake ina miguu kama ya korongo, imekula nusu ya meza, kioo kiko sentimita 55 toka puani.

KisauniBoy

Meza ya 60 ndio ugonjwa. Unataka 70 hadi 80 toka jicho hadi kioo. Nunua mkono wa kufunga kwenye meza lakini uangalie uzito, 34 iliyopinda bila stendi ni kama kilo 6 hadi 8 na katikati yake iko nyuma kidogo, mikono ya bei rahisi inainamisha kichwa kaa twiga anakunywa maji. Meza kama ni ile ya unga wa mbao weka kipande cha ubao ngumu juu na chini pale unapokaza, yangu ilikatika na kipande cha meza kikaning'inia nayo. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho ama chini kidogo.

Nyundo_na_Tindo

Usinunue mkono. Nenda Keko, fundi akuongezee ubao wa sentimita 20 mbele ya meza yako, akufungie na vyuma vya L chini. Ni rahisi kuliko mkono na stendi yako unabaki nayo. Hii ndiyo kazi yangu, hapa hamnibishii.

DerevaWaUsiku

Nyundo umeniokoa. Fundi kaongeza mninga sentimita 20, elfu 40 na soda. Sasa nimekaa karibu sentimita 75, shingo shwari. Rangi ya meza haifanani ila nani anaangalia.

Kwa kazi pia, nimeweka Windows 11, nabonyeza kitufe cha Windows na Z nagawa kioo mara tatu, katikati video, kushoto mafaili ya maharusi, kulia WhatsApp ya kamati wanaoniuliza video lini. Hiyo ya kulia natamani ingekuwa ule ukanda mweusi wa PS5.

MaskatiNaPwani

Mashallah. Umeme umeupangia nini? Usije ukachomeka moja kwa moja ukutani.

DerevaWaUsiku

Nina gadi ile ya tv, umeme ukirudi inasubiri dakika kadhaa ndiyo inaruhusu. Pisi iko kwenye UPS, kioo bado. Mwezi ujao.

Mwana_wa_Padi

Mkuu ile inchi 24 ya urithi bado ipo? Kwa PS5 itanitosha. Na kebo yake kama ipo.

DerevaWaUsiku

Ipo, njoo inbox. Kebo hapana, imesharudi kwenye dikoda na mama kaifunga na selotepu.